Farasi 318, au 394?

Jamani, umewahi kukaa kijiweni na vijana wa magari ukawasikiliza tu, bila kutia neno? Mimi nimekaa sana. Sijui kama kuna mahali Dar es Salaam ambapo namba hutajwa kwa wingi na kwa uhakika kama pale, labda redioni wakati wa kuchambua usajili wa Simba na Yanga. Huyu gari lake lina farasi 350. Yule lina 420. Wa tatu, ambaye gari lake hakuna aliyeliona kwa sababu liko gereji tangu mwaka jana, lina 500. Ukiuliza limepimwa wapi, na nani, unatazamwa kama mtu aliyekuja harusini kudai deni.

Sasa mimi kuuliza ndiyo kazi inayonilisha. Gazetini kwetu namba isiyo na mwenyewe haivuki meza ya mhariri. "Nani kasema?" ndiyo salamu yake ya asubuhi. Kwa hiyo kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa ambaye tumekua naye nyumba moja, alipoamua kuijenga upya injini ya Subaru yake na kuipeleka Nairobi ikapimwe na kutyuniwa kwenye daino, niliomba likizo ya siku chache nikaambatana naye. Nilitaka kuona namba inavyozaliwa. Nilikwenda kutafuta moja, nikarudi na mbili: 318 na 394. Zote ni za gari lilelile, siku ileile, mkimbio uleule. Na kaka akaniomba niandike ile kubwa.

Ngoja nianze mwanzo, mtaelewa.

Gari ni Impreza WRX ya mwaka 2001, mtumba wa Japani kama ndugu zake wengi hapa mjini. Injini yake ni ile inayoitwa EJ20: silinda nne, ujazo wa sentimita 1,994, na silinda zenyewe zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, pistoni zinarushiana ngumi kama mabondia. Juu yake kuna turbo. Kwa ambao hawajawahi kuifungua: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja, feni hiyo imeungwa kwa mhimili na feni ya pili, na ya pili inasukuma hewa safi kuingia kwenye injini kwa shinikizo. Shinikizo hilo la ziada ndilo vijana wanaloliita busti. Hewa ikizidi unaweza kuchoma petroli zaidi, na petroli zaidi ni nguvu zaidi. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Uzuri wake ni kwamba unatumia nishati ambayo ingepotelea kwenye ekzosi. Ubaya wake ni kwamba kuongeza nguvu kunakuwa rahisi mno. Kuna wakati ni suala la kukaza skrubu moja tu.

Na skrubu ndiyo iliyomuumiza kaka. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilimfungia kivalvu kidogo cha kuidanganya turbo ili isukume zaidi. Busti ikapanda. Petroli haikuongezwa, wala kompyuta ya injini haikuguswa. Kwa muda wa miezi miwili gari lilikwenda kama linafukuzwa, kaka akawa mfalme wa kijiwe. Kisha Jumamosi moja usiku, barabara ya Bagamoyo, injini ikanoki.

Hapa nisimame kidogo, maana hili neno letu "kunoki" lina siri. Sisi tukisema injini imenoki tunamaanisha imekufa: bering zimekwisha, konrodi inagonga, tafuta injini nyingine. Mafundi wa kutyuni wana noki yao nyingine, na hiyo ndiyo ugonjwa unaotangulia msiba. Plagi ikiwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, moto unatakiwa utambae taratibu kutoka kwenye plagi hadi ukutani. Joto na shinikizo vikizidi, mabaki ambayo moto haujayafikia yanajilipukia yenyewe, kwa mpigo. Silinda nzima inalia kama kengele iliyogongwa na nyundo. Kwa silinda ya upana wa milimita 92, mlio huo uko kwenye kilohezi 6 hivi, na dereva aliyefungua muziki hatausikia kamwe. Pistoni ndiyo inayousikia.

Mzee aliyeifungua injini ile, fundi wa Ilala mwenye mvi na maneno machache, alitutolea pistoni ya silinda ya nne akaiweka juu ya gazeti. (Gazeti la washindani wetu, nikafurahi kimoyomoyo.) Ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka. Vipande vyake vilikuwa vimechimba ukuta wa silinda.

"Hii haijafa kwa bahati mbaya, wanangu," akasema. "Hii imeuawa."

Kaka alikuwa na akiba ya miaka mitatu. Mama mkubwa alikuwa akiijua akiba hiyo kwa jina lingine: msingi wa nyumba, kiwanja cha Chanika. Wiki mbili baadaye akiba ikawa na jina la tatu: pistoni za kufuliwa, konrodi za kufuliwa, turbo kubwa kidogo, injekta kubwa, pampu ya mafuta na kompyuta mpya ya kuongozea injini. Zaidi ya milioni 15. Nilikuwepo sebuleni siku aliyomweleza mama yake. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na hiyo mashine ikishapona, itaezeka bati?" Kaka hakuwa na jibu. Mimi niliangalia luninga.

Kazi ya Mzee ilichukua wiki saba, na nilipopata nafasi jioni nilikuwa napita pale kumtazama. Nilitegemea nyundo na kelele. Nilichokuta ni kupima. Kila kitu kilipimwa, kikaandikwa kwenye kaunta buku, kikapimwa tena siku ya pili. Silinda zilichongwa kutoka milimita 92 hadi 92.5, na wakati wa kuchonga alifunga bamba zito la chuma mahali ambapo silinda hedi hukaa, akalikaza kama hedi yenyewe. Sababu? Boliti za hedi zikikazwa zinapinda ukuta wa silinda kwa kiasi kidogo sana. Ukichonga duara bila mkazo ule, siku ya kufunga hedi duara lako si duara tena.

Kati ya bering na shingo ya krenki shafti, yenye kipenyo cha milimita 52, aliacha mwanya wa milimita 0.05. Huo ni unywele mwembamba. Ukibana zaidi ya hapo oili haipiti, ukilegeza sana shinikizo la oili linaanguka. Aliupima kwa kulaza kiuzi laini cha plastiki, akakaza, akafungua, akaangalia kimepondeka kiasi gani. Ringi za juu alizisaga ncha kwa mkono mpaka zikaacha pengo la nusu milimita. Nikamuuliza kwa nini aache pengo kubwa hivyo, si moshi utapita? Akanijibu kwamba ringi ikipata moto inarefuka, na ncha zikikutana hazina pa kwenda, zinavunja pistoni. "Injini ya turbo unaipimia ikiwa baridi, lakini unamfikiria yule wa moto," alisema. Pistoni za kufuliwa nazo zilipewa nafasi kubwa kuliko zile za kiwandani, kwa sababu madini yake hutanuka zaidi. Ndiyo maana mpaka leo gari hilo likiwashwa asubuhi linagonga gonga dakika mbili tatu, na majirani wanadhani limeharibika.

Niwape hesabu moja inayonitisha hadi leo. Kichwa cha pistoni ile kina eneo la sentimita za mraba 67 hivi. Mlipuko ndani ya injini iliyoongezewa busti unaweza kufika bar 100. Zidisha. Ni zaidi ya tani 6 zinazoikalia pistoni moja, na kwa mizunguko 6,000 kwa dakika tani hizo zinaikalia mara 50 kila sekunde. Kati yake na krenki shafti kuna ule unywele wa oili, basi.

Injini ilipowaka salama, ikabaki kuizoesha kazi. Ringi mpya na ukuta mpya wa silinda vinahitaji kusuguana kwa adabu mpaka vizoeane. Fundi wa kutyuni wa Nairobi alituma kwa baruapepe mpangilio wa muda wa kompyuta ya injini, na Mzee akatoa masharti: hakuna kuita busti, hakuna kuzidi mizunguko 3,500, usikae na mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kutoka Dar hadi Nairobi kwa njia ya Namanga ni karibu kilomita 900. Kaka akasema safari yenyewe ndiyo itakuwa zoezi.

Basi bwana, hebu fikirieni. Gari lenye zaidi ya milioni 15 chini ya boneti, linapitwa Korogwe na Noah yenye kuku juu ya keria. Pale Same tulipitwa na Canter la vitunguu, na utingo akatupungia mkono kwa huruma. Trafiki wenye tochi hawakuwa na habari na sisi hata kidogo. Kaka alishika usukani kimya, meno yameuma. Moshi tulibadilisha oili, tukaikata filta kwa msumeno na kuikunjua kama chapati kutafuta chembe za chuma. Hazikuwapo, mbali na zile ndogo ndogo ambazo Mzee alishatuambia tutaziona. Nilimpigia simu akiwa Ilala. Alisema neno moja tu: "Endeleeni."

Daino ikoje? Ni rola nne kubwa zilizozama sakafuni. Gari linapandishwa juu yake, linafungwa kwa mikanda minne, linawekewa feni kubwa mbele, kisha linakimbizwa bila kwenda popote. Kwa Subaru, ambayo magurudumu yote manne yanasukuma, lazima rola za mbele na za nyuma ziende sawa. Rola zile zina breki ya sumaku, na hapo ndipo penye kazi: fundi anaweza kuizuia injini ikae kwenye mizunguko 3,000 hata ukikanyaga mafuta vipi, akarekebisha petroli na muda wa cheche kwa hali hiyo tu, kisha akahamia 3,250, kisha 3,500. Kompyuta ya injini ina jedwali lenye visanduku mamia, na kila kisanduku kinajazwa hivyo. Siku nzima. Ule mkimbio wa kelele unaoonekana kwenye video huja mwishoni, nao hauchukui hata nusu dakika.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba daino haipimi farasi. Inapima nguvu ya kusokota na kasi, kisha inapiga hesabu: nyutoni-mita mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Farasi wanakuja baada ya hapo, na hata wao hawalingani. Farasi wa James Watt ni wati 746, ila Wajapani na Wajerumani wanatumia farasi wa wati 735.5. Juu ya hapo, viwanda hupima kwenye injini, na rola hupima kwenye magurudumu baada ya giaboksi na difu kula sehemu yao. Na hata kiwanda si msahafu. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari la soko la nyumbani lenye zaidi ya farasi 280, na yako magari yaliyoandikwa 280 ambayo kwenye rola yaliwaumbua. Namba ile ilikuwa ya heshima tu, kama umri wa mchezaji wa mpira.

Fundi wa Nairobi alikuwa kijana, pengine tunalingana umri. Alivaa vifaa vya masikioni vilivyounganishwa na kinasa sauti kilichofungwa kwenye bloku ya injini. Alikuwa anasikiliza noki. Kabla ya yote aliomba kaunta buku ya Mzee. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama, akafika kwenye ile nusu milimita ya ringi, akatikisa kichwa kukubali. "Huyu mzee anajua," akasema. Kaka akavimba kama yeye ndiye aliyesaga.

Akaanza na busti ya bar 0.8. Petroli aliiweka nzito kidogo: kwa kawaida gramu 14.7 za hewa huchoma gramu 1 ya petroli ikaisha yote, lakini kwenye busti alikwenda hadi 11.3, maana petroli ya ziada inapoza moto wa ndani. Akapanda bar 1.0, kisha 1.2, kisha 1.3. Kila hatua farasi waliongezeka vizuri, na grafu ilinyooka kama mstari wa mwanafunzi mwenye rula. Kwenye 1.3 skrini ikasema 318.

Akajaribu 1.4. Kuanzia mizunguko 5,200 nikamwona ameinua kidole na kulegeza mafuta. Amesikia. Akarudisha cheche nyuma digrii mbili, akarudia. Skrini: 322. Akavua vifaa vya masikioni, akarudisha busti kwenye 1.3, akaanza kufungua mikanda.

"Boss, hapo tumefika," akasema.

Kaka alidhani anatania. Ameshawaambia watu 400. Alisema digrii mbili ni nini, fundi, ziache tu kama zilivyokuwa, wamefika wangapi huko na magari yanatembea? Kijana akamweleza kwa upole. Kwenye mizunguko 6,000 krenki shafti inapita digrii 36,000 kila sekunde, kwa hiyo digrii moja ni sehemu moja ya 36,000 ya sekunde. Ndani ya muda huo mdogo ndimo moto mzuri na noki vinapoachana. Busti iliyopanda kutoka 1.3 hadi 1.4 imeleta farasi wanne tu, kwa sababu cheche imebidi irudi nyuma kuizuia noki. Injini yenyewe imeshasema mpaka wake.

"Na hapa ni asubuhi, Nairobi, kuna baridi, na feni kubwa iko mbele ya hii gari," akaongeza. "Wewe unaenda kuiendesha Dar, kwa joto, kwa jam, na petroli ya stesheni yoyote. Mimi siwezi kukutyunia hii asubuhi peke yake."

Kaka akasema yuko tayari kusaini karatasi kwamba injini ikifa ni juu yake. Kijana akacheka kidogo. "Karatasi nimesainiwa nyingi sana, boss. Pistoni haijui kusoma."

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anaangalia lile gari, na nadhani alikuwa anaona Chanika.

Sasa hiyo 394 ilitoka wapi? Kijana alipochapa karatasi ya majibu, ilitoka na mistari miwili. Wa chini ni kile rola zilichopima: 318. Wa juu umezidishwa kwa 1.24. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Injini isiyo na turbo ikipanda kule inakosa pumzi, kwa hiyo wahandisi wana kanuni ya kurudisha hesabu kwenye hewa ya pwani ili magari yaliyopimwa miji tofauti yalinganishwe. Kwa injini inayovuta hewa yenyewe ni kanuni ya haki kabisa. Lakini gari la kaka halivuti hewa, linasukumiwa. Turbo imeagizwa ilete bar 1.3 juu ya hewa ya nje, na inazileta Nairobi kama itakavyozileta Dar. Kinachopungua ni ile hewa ya nje tu, sehemu ndogo ya jumla. Tulikaa na kalamu: jumla ya shinikizo Nairobi ni bar 2.13, Dar kwa busti hiyohiyo ingekuwa 2.31. Tofauti ni asilimia 8 na kitu. Ukiwapa farasi 318 nyongeza hiyo wanafika 345 hivi, na hiyo nayo ni hesabu ya kalamu, haijapimwa. Kufika 394 ni kumlipa mtu posho ya safari ambayo hakusafiri.

Zaidi ya hapo, hewa hiyo nzito ya pwani ni mzigo mpya kwa pistoni zilezile. Ndiyo maana kijana aliacha nafasi. Gari likishuka kwenda baharini, injini inabanwa zaidi bila mtu kugusa skrubu.

Usiku ule hotelini ndipo kaka aliponiomba. "Dogo, wewe andika 394. Si iko kwenye karatasi? Hujadanganya mtu." Kisha akaongeza kwamba siku akitaka kuliuza, 394 ina bei yake.

Na kweli, nisingekuwa nimedanganya kwa maana ya kunukuu. Karatasi inasema 394, nukta. Habari ngapi zinaandikwa hivyo kila siku? Waraka umesema, msemaji amesema, mimi nimenukuu tu, mikono yangu safi. Lakini namba hii ingekwenda kufanya kazi. Kungekuwa na kijana wa Tabata mwenye injini kama hii, konrodi za kiwandani, ambaye angesoma kwamba bar 1.3 inatoa karibu 400, akaona yake inatoa 280, akaamini anaibiwa, akaenda kukaza skrubu. Na kungekuwa na mnunuzi anayelipia farasi 76 ambao hawapo. Nilimwambia kaka hivyo. Hatukuongea tena mpaka Namanga.

Nikakumbuka Safari Rally, ambayo baba zetu walikuwa wanaisimamia barabarani kuanzia miaka ya 1950. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Unajua magari yale yalikuwa na farasi wangapi? Kama 300. Kanuni za mashindano ziliyabana koo: hewa yote ya turbo ilipita kwenye tundu la milimita 34. Mabingwa wa dunia, kwenye mawe na tope la Kenya, kwa nguvu ambazo kijiweni kwetu mtu angeona aibu kuzitaja. Kilichowapa ushindi ni kwamba kila asubuhi gari liliwaka na kila jioni lilifika.

Kaka aliisoma rasimu ya makala hii juzi. Alinyamaza, kisha akasema, "Weka zote mbili, lakini weka na maelezo." Ndivyo nilivyofanya. Farasi 318 kwenye magurudumu, Nairobi, bar 1.3, daino yenye breki, bila nyongeza. Farasi 394 kwa kanuni isiyolihusu gari hili. Na kuna namba ya tatu ambayo haina karatasi: tuliporudi Dar, kwa maelekezo ya kijana, busti ilianza kwenye 1.1, kaka akawa anamtumia kumbukumbu za kompyuta kila baada ya wiki, na hatimaye wakakubaliana ibaki 1.2. Inatoa farasi wangapi hapa pwani? Haijapimwa, kwa hiyo siandiki.

Mpaka naandika hapa limetembea kilomita 9,000 tangu lipone. Mzee wa Ilala huikata filta kila oili inapobadilishwa, anaikunjua, anaitazama juani, anaandika kwenye kaunta buku yake. Kijiweni kaka hatajwi tena sana, maana yuko mwingine sasa mwenye 450. Mama mkubwa hupanda Jumapili kwenda kanisani, na hulalamika tu kwamba linanguruma kama mtu aliyelala njaa. Msingi wa Chanika bado. Kaka ameanza kuweka tena, safari hii akaunti iko kwa jina la mama yake.

Haya, wenye magari yenu mnasemaje? Namba zenu nazisubiri. Ila ukija nayo, njoo na karatasi yake, na useme umepimia mji gani.